Roketi ya Fundi wa Sare

Kabla ya kumpima mtoto sare ya shule, Fundi alimwambia kwanza aruke. Aruke juu, ainue mikono, azunguke, achuchumae, aruke tena. Wazazi wenye haraka walisimama mlangoni wakichezesha funguo huku binti yao akidunda katikati ya chumba kama bisi kwenye sufuria. Fundi alikaa kwenye stuli, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni, macho kwenye mabega ya mtoto, na hakuandika lolote mpaka mtoto aishiwe pumzi.

"Si umpime tu, Fundi," mama mmoja alimwambia. "Ni sweta, si harusi."

"Huyu atavaa sweta akiwa amesimama hivyo siku yote? Kama ni ya kusimama, nunua ya duka. Hizo wameshonea sanamu."

Kwa miaka sita kilichonitenganisha naye ni ukuta wa mabati. Yeye alikuwa na chumba cha cherehani mbili, pale Kitengela, kikitazama barabara. Mimi nilikuwa na chumba cha kompyuta tatu na printa moja, ambako watu walikuja kutoa kopi na kujaza fomu za serikali. Tuliongea kupitia mabati. Akicheka nilijua, maana cherehani ilisimama. Akikasirika nilijua, maana ilikimbia. Habari za kuzaliwa kwake sizijui vizuri hadi leo. Aliyemuuliza alipewa upande wa pili wa kitambaa asaidie kukunja, na walipomaliza kukunja swali lilikuwa limeshapotea.

Alikuwa mwanamke wa kelele na wa huruma kwa wakati mmoja. Alimgombeza mteja aliyechelewa kuchukua nguo, kisha akamshonea kifungo kilicholegea kwenye koti alilokuwa amevaa, akiendelea kumgombeza, sindano ikipita karibu na kidevu. Aliogopa ngazi. Balbu ya dukani kwake nilibadilisha mimi, kwa sababu yeye akipanda kiti alishika ukuta na kuanza kuomba. Binti yake alikuwa amepanga ghorofa ya nne kule Kware, na Fundi alipokwenda kumwona alipanda amefumba macho, akihesabu vidato kwa sauti, majirani wakifungua milango kuona ni nani anayefundisha hesabu.

Halafu kulikuwa na inchi ya kukua. Kila nguo iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na inchi moja imekunjwa ndani ya upindo, imeshonwa kwa uzi mwepesi, ili mtoto akirefuka mama aufungue tu. Hilo mafundi wengi wa sare hulifanya. Fundi alimfanyia kila mtu. Mwalimu mkuu wa miaka hamsini na kitu alishonewa suti akakuta inchi ya kukua kwenye suruali. Mimi alinishonea sketi nikiwa na miaka ishirini na saba.

"Fundi, mimi nimemaliza kukua."

"Nani amekwambia?"

Alisema hivyo bila kucheka, akaendelea na kazi, na nilitembea na ile sketi wiki nzima nikijiona mrefu.

Karatasi alizipata kutoka kwangu. Printa yangu ilikuwa na tabia ya kuharibu ukurasa mmoja katika kila mitano, na zile zilizoharibika nilizitupa kwenye sanduku ambalo Fundi alikuja kulipekua kila jioni. Alizitumia kama karatasi za kukatia: kola, mifuko, mikono. Kola ya shati la mvulana ingeweza kuwa upande mmoja cheti cha kuzaliwa cha mtu. Karatasi zake za kukatia hakumwonyesha yeyote. Alizifungia kwenye kasha la bati, na ufunguo ulikaa mahali ambapo si heshima kupauliza. Mafundi wote wako hivyo. Mtu anaweza kukuazima mkasi, cherehani, hata mtoto wake wa kutuma dukani, lakini karatasi ya kola yake hukopeshwi.

Basi jioni moja ya Februari, msimu wa sare umekwisha na mji umetulia, aliingia kwangu ameshika ukurasa kutoka kwenye lile sanduku. Mwalimu fulani alikuwa ameuchapisha asubuhi, wino ukaishia katikati, akauacha.

"Hii ni nguo ya nani?"

Niliutazama. Kulikuwa na mistari ya nukta, mishale, vipimo pembeni, mkasi mdogo umechorwa kuonyesha pa kukata.

"Nimeigeuza, nimeigeuza," Fundi akasema. "Ni mtu hana mikono. Shingo iko, lakini imechongoka. Na huku chini ako na marinda manne, magumu, yamesimama kando. Ni mtu gani huyo anavaa hivi?"

"Fundi, hiyo ni roketi."

Alikaa kwenye kiti cha wateja.

Nikautafuta mtandaoni. Ramani yote ilikuwako, kurasa kumi na moja: roketi ya chupa ya soda ya lita mbili, inayosukumwa na maji na upepo wa pampu ya baiskeli, na inayoshuka kwa mwavuli. Moto hakuna hata kidogo. Unatia maji theluthi ya chupa, unaifunga kinywa kwa kizibo chenye vali ya baiskeli, unaisimamisha kinywa kikiwa chini, unapiga pampu. Upepo unabanwa ndani. Ukivuta kamba kizibo kinaachia, maji yanatoka chini kwa nguvu, na chupa inakwenda juu. Nilimsomea kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Alinikatiza mara moja tu.

"Anauza pesa ngapi?"

"Ni bure. Mtu yeyote anachukua."

"Bure vipi? Amechora hii yote, akaweka vipimo vyote, akaacha tu watu wachukue?"

"Ndiyo."

"Na hajaficha kitu?"

"Sidhani, Fundi."

Kesho yake, kupitia mabati, katikati ya upindo mrefu, cherehani ilisimama. "Sasa mtu amekupa karatasi yake ya kukatia," akasema, "hajakuuliza jina, hajakuuliza unatoka wapi. Ukiiharibu utamwangalia na macho gani?"

Hapo ndipo ilipoanza. Hakuwa na haja na anga za mbali, hakujali mwezi. Alitaka kitu kimoja: roketi ipande na ishuke kwa mwavuli, vile mwenyewe alivyochora, ili zawadi ya mtu asiyemjua isiharibikie mikononi mwake. Katika kazi yake yote nguo ilikuwa haijarudishwa, na hakupenda hii iwe ya kwanza.

Sehemu zote alizipa majina ya nyumbani kwake. Chupa ilikuwa kiwiliwili. Ile ncha ya juu, ya karatasi ngumu, ilikuwa kofia. Mabawa manne ya chini yalibaki kuwa marinda. Mwavuli ulishonwa kwa bitana ya blauzi, vipande vinane, na kamba zake zilikuwa uzi wa kushonea viatu. Kizibo na vali tulitengenezewa na fundi wa pancha wa ng'ambo ya barabara, ambaye aliuliza ni ya baiskeli gani, akaambiwa ni ya baiskeli isiyo na magurudumu, akatikisa kichwa.

Jaribio la upepo alilifanyia ndani ya duka. Nilisikia pampu, ff, ff, ff, halafu mlio, halafu kimya, halafu maji yakaanza kuingia kwangu chini ya mabati. Nilikimbia. Sweta za darasa zima, zilizokuwa zimetundikwa zikisubiri kuchukuliwa, zilikuwa zinadondosha matone kama mvua ya masika. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, kilemba kimeloa, chupa imejibana kwenye kona ya dari.

"Umeumia?"

Aliinua kidole kuelekea dari. Uso wake wote ulikuwa unawaka. "Umeona? Inataka kwenda!"

Lakini iende wapi? Kitengela haina mahali pa kurushia hata kofia. Kila upande ni ghorofa, nyaya za stima, kamba za nguo, msingi wa ghorofa nyingine. Ndipo akamkumbuka Mzee. Mzee alikuwa mteja wake wa kila Januari, mfugaji wa Kajiado, aliyekuja na wajukuu sita na kuwasimamia wakiruka mmoja mmoja kama anayekagua ndama. Alikuwa na uwanda wa malisho nje ya mji, mtupu, mpana, nyasi zimekauka, ng'ombe wamepelekwa mbali kutafuta maji.

Tulimkuta amesimama na fimbo yake, shuka mabegani, sweta ya kijivu ya Fundi chini yake.

"Sopa, Mzee," Fundi akamsalimia kwa Kimaa.

"Ipa." Macho yake yalikuwa kwenye jerikeni letu. "Hiyo maji ni ya nini?"

"Ya kurusha," Fundi akasema.

"Mnarusha maji wapi?"

"Juu."

Mzee akatazama juu. Mbingu ilikuwa buluu tupu, haina wingu hata la kusingizia. "Sisi huku tunaomba ishuke," akasema, "nyinyi mnaipeleka. Sawa. Labda ilisahau njia, mtaionyesha."

Tulicheka mpaka tukaweka jerikeni chini. Yeye hakucheka. Alituelezea masharti: ng'ombe wakirudi, hataki chupa ya mtu ianguke kwenye kichwa cha ndama. Tena siku moja atazungusha ua hapa. "Nawapatia mara tatu. Tatu inatosha mtu kujua kama anajua."

"Ni nyingi, Mzee," Fundi akasema, kwa majivuno yaliyonifanya nimtazame mara mbili.

Mara ya kwanza nilipiga pampu mimi. Fundi alivuta kamba. Chupa ilitoka kwa mluzi, ikapanda kimo cha mgunga, halafu upepo ukaigusa, na ikageuka kuufuata upepo unakotoka, ikalala, ikapita tambarare juu ya nyasi ikinyunyiza maji, ikampita Mzee upande wa kushoto kama mtu aliyekosewa heshima anayeondoka mkutanoni. Ikaingia kwenye kichaka cha miiba.

Niliitoa huko nikiwa nimechanika mikono. Nikayatazama yale marinda manne. Yalikuwa makubwa mno.

"Fundi. Umeongeza?"

"Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

Akatazama pembeni. "Inchi."

"Fundi, roketi haikui!"

"Sasa mimi nilijua aje?"

Nilianguka kwa kicheko, kwenye nyasi, nikashika tumbo. Akanipiga na kofia ya roketi. Halafu naye akaanza, kile kicheko chake cha kusimamisha cherehani, akijifuta machozi kwa utepe wa kupimia. Mzee alitungoja tumalize. "Hiyo ni moja," akasema.

Mara ya pili marinda yalikuwa kamili, kipimo kwa kipimo, na nilikagua mwenyewe kwa rula. Ilikwenda! Sijui niseme nini kingine. Tulivuta kamba ikawa haipo tena mbele yetu, ipo juu, doa la fedha linaloendelea kupungua, na mkia wa ukungu ambao jua la asubuhi liliuvika upinde wa rangi kwa muda wa kupepesa jicho. Fimbo ya Mzee ilianguka. Fundi alipiga kelele ya mtu aliyeitwa jina na mtu aliyempoteza zamani. Ikafika mwisho wa kupanda, ikasita, ikageuka, na kofia haikutoka. Ikashuka kichwa chini, moja kwa moja, ikajichomeka ardhini hadi nusu. Kiwiliwili kilipasuka. Mwavuli ulikuwa ndani, umekunjwa vizuri sana, haujui lolote.

Niliichunguza ile kofia. Ramani ilisema ikalishwe tu juu ya chupa, isibanwe, isigundishwe, ili chupa ikigeuka kofia idondoke na mwavuli utoke. Kwenye ukingo wake kulikuwa na mishono minne midogo, mizuri, ya uzi wa rangi ileile ya karatasi. Mtu asiyemjua Fundi asingeiona.

"Nilikusomea, Fundi. Ilisema uache wazi."

"Siwezi kutoa kitu kwa mkono wangu kikiwa hakijashikana," akasema. "Hiyo si kazi. Hiyo ni kutupa."

"Lakini—"

"Nimesema siwezi!"

Mzee aliinua vidole viwili, taratibu, kama anayemwonea haya. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Kesho yake cherehani haikulia hadi adhuhuri, na ilipolia ilikuwa polepole. Halafu sauti ikaja kupitia mabati: "Yule mtu aliandika niache wazi. Alinipa yote, hakuficha hata uzi. Mimi ndio nimeweka yangu."

Ya tatu hakuirusha. Januari ikaja na watoto wa kuruka, ikapita, ikaja nyingine. Nilimwuliza, akasema upepo si mzuri. Nikamwuliza tena, akasema uzi umeisha. Roketi mpya alikuwa ameshaitengeneza, niliiona juu ya kabati, imefunikwa kwa gazeti, na nikaelewa. Kila fundi ana kitambaa kimoja kizuri alichopewa, ambacho anaogopa kukikata, kwa sababu kikiharibika hakuna kingine. Mara moja ilikuwa imebaki. Maadamu alikuwa hajairusha, haikuwa imeanguka.

Nikafunga chumba changu cha kompyuta, nikahamia Matasia. Tukawa watu wa kupigiana simu sikukuu. Halafu tukawa watu wa kusema tutapigiana.

Mwaka huu, siku ya Ijumaa, simu ililia nikiwa ninaanika nguo.

"Mzee anaweka ua Jumatatu," akasema, bila salamu. "Nguzo zimefika. Kesho asubuhi, ama tuache kabisa."

"Unataka tuache?"

Nyuma yake nilisikia shanga za mtu, kuku, barabara. "Niko Kajiado tayari," akasema. "Nimelala kwa Mzee. Njoo na nguvu ya kupiga pampu."

Nilifika jua likiwa bado jipya. Nguzo zililala kwa mstari kando ya uwanda, na mashimo yalikuwa yameshachimbwa. Fundi alikuwa amepungua. Miwani, ambayo sikuwahi kumwona nayo, ilikuwa imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Alinikumbatia, akapima mabega yangu kwa viganja, akasema ninakula vibaya huko Matasia. Kisha akanionyesha mwavuli. Ulikuwa wa vipande vinane, na kila kipande kimetoka kwa sare ya shule tofauti: maruni, kijani, buluu, njano ya haradali, zambarau moja iliyopauka. Niligeuza ndani nje. Hakuna inchi.

"Hakuna," akasema, kabla sijauliza.

Tukatia maji. Tukaisimamisha. Akaukunja mwavuli, akauweka, akakalisha kofia juu. Mkono wake ukabaki pale. Ukaondoka. Ukarudi, ukaigusa, kidogo tu, kama anayeweka sawa kola ya mtoto.

"Fundi, wacha."

"Nimewacha."

"Mkono, Fundi."

Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaukutanisha na mwenzake, akaibana yote miwili chini ya makwapa, akarudi nyuma hatua tano. Kofia ikatikisika kwa upepo, imelegea, haijashikwa na chochote.

Nikapiga pampu. Mzee alisimama karibu kuliko miaka ile, mdomo wazi kidogo. Sindano ya kipimo cha upepo kwenye pampu ikapanda, arobaini, hamsini, sitini.

"Fundi, kamba."

Alitoa mkono mmoja tu. Akavuta.

Mluzi. Maji usoni mwetu sote. Na ikaenda, oh, ikaenda kama iliyokuwa imeshikiliwa miaka yote hiyo, ikaenda mpaka macho yakaanza kubahatisha. Ikasita. Ikageuka. Kitu kidogo kikajitenga, kikadondoka, kofia, ile kofia, na nyuma yake ukatoka uzi wa rangi, ukacheza, ukajisokota, na ukafunguka: maruni na kijani na buluu na njano, duara, juu ya Kajiado.

"Imeshikana!" Fundi alipiga kelele. "Imeshikana! Angalia! Imekaa!"

Alikuwa anaruka. Mwanamke wa umri ule, miwani imehamia kwenye shavu, anaruka na mikono juu. Nami niliruka. Roketi ikashuka ikibembea, haina haraka, ikipeperushwa na upepo kuelekea upande wa nguzo, na sote watatu tukaifuata mbio, Mzee mbele, shuka limeangukia kwenye nyasi, akipaza sauti kwa Kimaa kama anayeita mifugo yote ya maisha yake. Ikagusa ardhi kwa kishindo kidogo kuliko cha daftari likianguka mezani. Fundi akapiga magoti. Akageuza chupa huku na huku. Haikuwa na hata mkwaruzo.

"Ameiona?" akauliza, na ikanichukua muda kuelewa kwamba alimaanisha yule mtu wa mbali aliyechora.

"Nitampigia picha, nimtumie."

"Mwambie haikuharibika."

Mzee alikuwa ameinama, mikono kwenye magoti, akitafuta pumzi. "Hiyo," akasema, "ni ya ngapi?"

"Ya tatu, Mzee," nikasema mimi, kwa ujinga wangu wote.

Alinitazama vile mtu anavyomtazama mgeni aliyekumbusha kwamba kumekucha na watu wanapaswa kwenda nyumbani. "Ya pili," akasema. "Ile ya kwanza haikuenda juu. Ilienda kule kwa miiba, ilikuwa inakimbia tu. Mimi nilisema mara tatu za juu. Ama mama, nilisema aje?"

Fundi aliweka miwani mahali pake. "Ulisema za juu, Mzee."

"Basi." Akachukua pampu kutoka mkononi mwangu, akaipindua, akatafuta pa kukanyagia. "Hii inapigwa aje? Fanyeni haraka, watu wa ua wanakuja Jumatatu."

Fundi alikuwa ameshavuta jerikeni, anamimina.